Miguu ya Mbele ya Peugeot 504: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Zamani

Mtu aliyejaliwa kumiliki Peugeot 504 katika nchi hii ya mpakani kati ya Uganda na Kenya, ambapo lami ya Malaba na Busia imegandamizwa na malori ya mizigo hata ikafanya mifuo miwili iliyo sambamba, na ambapo mtu akiiacha lami na kushika njia za Petta, wilayani Tororo, hukutana na udongo mwekundu wenye makorongo wakati wa masika na mawimbi magumu wakati wa kiangazi, amekabidhiwa chombo kinachozifaa hasa njia za namna hii. Kwa hiyo anapotamani gari lake lishike barabara vizuri zaidi, litii usukani pasipo kusitasita na lisiyumbe katika kona, swali la kwanza analopaswa kujiuliza ni kitu gani kilichokuwamo tangu mwanzo ambacho sasa kimekwisha. Na swali la kufunga kitu kipya na kigumu zaidi lisubiri mpaka lile la kwanza lipate jibu kamili.

Nashikilia utaratibu huo kwa sababu historia ya magari haya inauthibitisha. Peugeot 504 ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likiwa kazi ya Pininfarina wa Italia, ikarithi sifa ya mtangulizi wake, 404 ya mwaka 1960, ambayo wakati huo ilikwisha kujipatia jina katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka mwanzoni mwa mashindano hayo na 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika 404. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakafika 7 vile vile, na washindi wakawa watu wale wale katika gari la aina ile ile. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo pamoja na Chris Rothwell, naye pia katika 404. Kisha 504 ikapokea zamu: Ove Andersson mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 katika ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Magari haya yalishinda kwa kustahimili, na siri ya ustahimilivu wao ilikuwa springi laini zenye mwendo mrefu, zikitawaliwa na shokomzoba za ufundi wa hali ya juu, ambazo Peugeot walikuwa wakizitengeneza wenyewe katika viwanda vyao. Kijana anayelishusha gari lake na kulifunga springi fupi ngumu, kwa kuwa ameona picha za magari ya mashindano ya lami ya Ulaya, hulinyang'anya gari hilo fadhila ile ile iliyolipa ushindi, kwani gurudumu lisiloweza kushuka ndani ya shimo na kupanda juu ya tuta kwa wasaa huacha kugusa ardhi, na tairi lisilogusa ardhi halishiki njia hata kidogo.

Kabla hujashika spana, yakupasa uufahamu muundo wenyewe. Kila upande wa mbele una mguu mmoja uliosimama, wa namna inayoitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Ndani ya mguu huo imo shokomzoba. Sehemu yake ya juu imezungukwa na springi. Kileleni umeshikwa na maunti yenye raba na beringi, iliyofungwa kwenye bodi chini ya boneti. Na chini umeungana na mkono wa chini kwa boljointi. Mkono huo una vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vilivyokutanishwa vikafanya pembe, na kila kipande kimeshikiliwa na bushi ya raba. Stabilaiza, ile fimbo ndefu ya chuma inayovuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, huifunga mikono hiyo pamoja ili gari lisilale sana katika kona; na usukani hutenda kazi kwa reki yenye meno, ambayo huisukuma na kuivuta tairodi ya kila upande. Viungo hivi vyote hutegemeana, hata ikawa aghalabu dereva hulaumu shokomzoba kwa kosa la bushi, au hubadili springi ilhali mwenye hatia ni maunti iliyopasuka ambayo kwa bei ni ndogo mno kuliko springi mbili.

Uchunguzi na uanze asubuhi, gari likiwa halijatembea, kwa sababu upepo wa tairi hupimwa tairi likiwa baridi. Tazama tairi za mbele kwa makini, kwani zimeandika historia ya miezi iliyopita: likilika upande wa ndani peke yake au wa nje peke yake, magurudumu hayakupangwa sawasawa au mkono umepinda; likilika kwa mabonde mabonde kuzunguka tairi, shokomzoba imeshindwa kulituliza gurudumu; likilika katikati tu, upepo umezidi. Kisha simama kwenye kona ya mbele ya gari, uigandamize kwa uzito wako mara mbili tatu, uiachie ghafula. Gari zima hupanda mara moja na kutulia; likiendelea kucheza, shokomzoba ya upande huo imekwisha. Jaribio hili hata hivyo halitoshi, maana shokomzoba iliyodhoofika nusu huweza kulipita, na ushahidi ulio bora zaidi ni mafuta yaliyochuruzika juu ya mguu yakashikwa na vumbi la njiani.

Baada ya hapo chukua kipimo cha utepe, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kulia na kushoto, uandike katika daftari. Namba hizo mbili zitakuwa shahidi wako katika kazi yote inayofuata, na tofauti baina ya pande mbili itakuonya mapema kwamba springi moja imelala au imevunjika mzunguko wa chini, mahali ambapo jicho haliufikii kwa urahisi.

Sasa liinue gari, lakini kwa hadhari kubwa. Zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, inua kwa jeki, kisha litulize juu ya stendi za chuma. Ukikosa stendi, mashina ya mti mgumu yaliyokatwa sawa pande zote mbili yanafaa, na matofali hayafai abadan, kwa kuwa tofali hupasuka ghafula pasipo kutoa ishara, na mtu huwa amelala chini yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi wako akanyage breki, ulitikise tena: mchezo ukitoweka, kasoro ni ya beringi ya gurudumu; ukibaki, kasoro ni ya boljointi. Ukilishika kulia na kushoto likacheza, tafuta tairodi na reki. Ingiza mtaimbo mfupi kati ya mkono wa chini na fremu, usukume kwa upole, ukiitazama bushi. Raba nzima hupinda na kurudi, raba iliyokufa huachana na chuma chake ukaona mwanga kati yao. Mwisho, gari likiwa limeshushwa, fungua boneti, weka kiganja juu ya maunti huku msaidizi akizungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi wa pili: springi ikijikunja na kuruka kwa mlio, beringi ya maunti imekauka au imevunjika.

Ukaguzi wa kutu haupasi kusahauliwa, hasa kwa gari lililokaa miaka mingi mahali penye unyevu au lililowahi kuishi karibu na bahari. Mguu wa mbele hupokea mapigo yote ya njia na kuyapeleka juu, pale maunti ilipofungwa. Bati la mahali hapo likiwa limeliwa na kutu, kila kiungo kipya utakachokifunga kitasimama juu ya msingi unaooza. Kwaruza rangi na uchafu kuizunguka maunti, kwa juu, na kwa chini ndani ya kikinga-matope cha gurudumu, ugonge kwa kitako cha bisibisi. Bati likitoboka, kazi ya kwanza ni ya mchomeleaji, akate bati bovu mpaka afikie lililo zima, aunge bati jipya la unene wa kutosha. Kupachika kiraka juu ya kutu ni kuificha tu. Waliotayarisha magari ya Safari walikuwa na desturi ya kuongeza bati la pili mahali hapo hata kwa gari jipya, na kwa gari linaloishi katika njia zetu hilo ni jambo la busara, mradi kazi ifanywe sawa pande zote mbili.

Sasa tufikie bushi, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa kuwa ndipo ilipo tofauti kubwa kuliko zote kwa fedha kidogo kuliko zote. Raba ya bushi ni gegedu ya gari: huruhusu kiungo kiende kwa uhuru na papo hapo hukizuia kisitoke mahali pake. Inapochakaa, mkono wa chini huanza kurudi nyuma unapokanyaga breki na kwenda mbele unapoiachia, na kila mara gurudumu hubadili uelekeo wake bila ya idhini ya dereva. Ndiyo maana gari hujivutia upande mmoja kwenye breki, na usukani ukawa kana kwamba unachelewa kusikia. Mtu akibadili bushi zote za mikono miwili kwa wakati mmoja, pamoja na raba za stabilaiza, mara nyingi hustaajabu kuona ya kwamba gari limerudi kuwa lile alilolisifu, na ile fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya springi ngumu ikabaki mfukoni.

Wauzaji watakutolea bushi za namna tatu. Za kwanza ni za raba, za kiwanda chenye itibari, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazofaa gari la kila siku. Za pili ni za poliurethani, ngumu zaidi, zinazosifiwa sana na wapenda mbio. Hizo zinaweza kufaa kwenye stabilaiza, ambapo ukali kidogo hauna madhara, lakini kwenye mikono ya chini ninazikataa, kwa sababu bushi zinazoishika pembe ile ya vipande viwili hazizunguki tu katika mhimili mmoja, bali hulazimika kupinda kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka, na kitu kigumu kisichokubali kupinda huhamishia nguvu ile kwenye chuma na kwenye bati. Fauka ya hayo, bushi ya poliurethani huhitaji grisi yake maalumu na hulia ikiingiwa na vumbi, na vumbi la kiangazi cha Tororo haliombi ruhusa. Za tatu ni zile zinazochongwa na mafundi wa jua kali kutoka katika tairi kuukuu. Ninawaheshimu mafundi hao, ambao wamewafikisha wasafiri wengi nyumbani, lakini raba ya tairi ina nyuzi ndani yake na haikugandishwa kwenye ganda la chuma, basi husuguana badala ya kupinda. Itumie kukufikisha gereji, kisha uitoe.

Katika kuzifunga, mambo mawili ni ya lazima. La kwanza, bushi haiingizwi kwa nyundo. Huvutwa ndani kwa bolti ndefu na vipande vya bomba vyenye upana unaolingana na ganda lake, au kwa kibanio cha karakana, ikipakwa maji ya sabuni na kamwe isipakwe mafuta ya injini, ambayo huivimbisha na kuilainisha raba. La pili hupuuzwa na gereji nyingi, na kwa ajili yake bushi mpya hufa kabla ya kutimiza mwaka: nati za mikono ya chini zisikazwe kwa mkazo wa mwisho gari likiwa limening'inia. Bushi ya raba hubanwa na nati yake mahali pale ilipo. Ukiikaza gurudumu likiwa chini limening'inia, raba itakuwa imesokotwa siku zote gari linaposimama kwa uzito wake, nayo itachanika. Zikaze kwa mkono tu, lishushe gari juu ya magurudumu yake, lisukume mbele na nyuma kidogo, ligandamize mara kadhaa litulie, ndipo uingie chini, kwenye shimo la karakana au juu ya mbao nene zilizowekwa chini ya magurudumu yote manne, ukaze kwa spana ya kupimia mkazo kwa kadiri iliyotajwa katika kitabu cha gari lako.

Boljointi na tairodi hazina mjadala mrefu. Zenye mchezo hubadilishwa, na hubadilishwa kulia na kushoto pamoja. Kagua hasa vifuniko vyao vya raba, na ile raba ya mikunjo inayofunika ncha za reki, kwa kuwa tundu dogo kuliko punje ya mtama huingiza mchanga na maji, na reki iliyoingiwa na mchanga huharibika meno. Raba ni ya thamani ndogo, reki ni adimu.

Kuhusu shokomzoba, mwenye 504 anapaswa kwanza kutambua mguu alio nao, kwani magari haya yamepita mikononi mwa mafundi wengi, na katika mengine utakuta shokomzoba ya ndani ni ya kuingizwa nzima ndani ya bomba la mguu, na katika mengine ni ya vipande vya asili vinavyoweza kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta na sili mpya. Kama unaweza kupata mfumo mzima wa kuingiza, ulio mpya na wa kipimo kilekile, chukua huo. Unapouingiza, mimina mafuta kidogo ndani ya bomba kabla ya kulifunga, kwa kadiri ambayo yatapanda kuuzunguka bila ya kufurika, kwa kuwa mafuta hayo hubeba joto kutoka kwenye shokomzoba hadi kwenye bomba la nje na hatimaye hewani. Pasipo hayo, hewa iliyonaswa katikati huizuia shokomzoba isipoe. Jambo hilo lina uzito mkubwa katika barabara za mawimbi, ambapo shokomzoba hupanda na kushuka mara nyingi kwa kila sekunde, mafuta yake huchemka, hufanya povu, na dereva ambaye asubuhi alikuwa na gari tulivu hujikuta mchana akiendesha gari lisilotulia. Zile zenye gesi ya mgandamizo huzuia povu hilo vizuri zaidi, nami nazipendekeza, kwa sharti kwamba ukali wao uwe wa gari la abiria. Ukali wa mashindano utakuchosha wewe na kuilegeza kila nati ya bodi.

Kuifungua springi kutoka kwenye mguu ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote katika mwongozo huu. Springi iliyobanwa imehifadhi nguvu ya kutosha kumvunja mtu taya au kumuua, na nati moja tu ya kileleni ndiyo inayoizuia. Sharti utumie vibanio vya springi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, viwili au vitatu vilivyopangwa kwa umbali ulio sawa, uvikaze kwa zamu, kidogo hapa na kidogo pale, mpaka springi iwe huru kabisa ndani ya vikalio vyake, ndipo ulegeze nati ya kileleni, uso wako ukiwa mbali na mstari wake. Waya na kamba za mkanda wa gari, ambazo baadhi ya mafundi huzitumia, hazina dhamana yoyote. Kama huna vibanio, peleka mguu mzima kwa fundi aliye navyo. Unaporudisha, tumia nati mpya yenye kujifunga. Ya zamani imekwisha kutumika.

Sasa springi zenyewe. Wengi hudhani kwamba kuongeza ugumu kidogo ni jambo la kidogo, na hesabu inawakanusha, kwa maana ugumu wa springi huongezeka kwa kadiri ya unene wa waya wake ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne: springi ya waya wa milimita 13 ikibadilishwa na ya milimita 14, upana na idadi ya mizunguko vikiwa vile vile, ugumu hupanda kwa zaidi ya theluthi. Theluthi hiyo haiji peke yake. Shokomzoba iliyopimiwa springi ya kwanza haitaweza kuitawala ya pili, na gari litaruka. Kwa hiyo kama springi zako hazikuvunjika na vimo ulivyoviandika katika daftari ni sawa kwa pande zote mbili na vinakaribiana na vya kitabu, ziache. Zikiwa zimelala, nunua za kipimo cha asili, za aina ya bodi uliyo nayo, kwa kuwa springi za gari la abiria wanne si lazima ziwe sawa na za ile ndefu ya kubeba watu wengi wala za pikapu. Mwenye pikapu au ile ndefu anayesafiri na mzigo kila siku anaweza kuchukua daraja moja lililo gumu zaidi, pamoja na shokomzoba inayolingana nayo.

Kukata mizunguko ya springi ni kuifanya fupi na ngumu kwa pamoja, kwani ugumu huongezeka kadiri mizunguko inavyopungua. Na kuipasha moto ili ilale huiondolea chuma ukali wake wa asili, ikavunjika siku usiyoitarajia. Kupachika vipande vya raba katikati ya mizunguko, desturi iliyoenea sana mjini na shambani kwa ajili ya kulipandisha gari, kuna madhara yaliyojificha zaidi: mizunguko iliyozibwa haifanyi kazi tena, mwendo wa gurudumu kushuka hupungua, mikono ya chini hukaa kwa pembe isiyo yake, na tairodi huanza kulisukuma gurudumu kando kila linapopanda tuta, hata dereva akawa anapigana na usukani katika barabara iliyonyooka. Kama gari lako linagusa chini, chunguza kwanza kama springi zimelala. Mara nyingi jibu ni hilo.

Stabilaiza iache kama ilivyo, ubadilishe raba zake tu. Iliyo nene zaidi hufuata hesabu ile ile ya unene, hupunguza kulala katika kona za lami, na hulipa malipo yake kwa kulifanya gurudumu la kulia lipokee pigo la kushoto. Katika njia ambayo shimo huwa upande mmoja, hayo si mabadilishano mazuri.

Kwa ununuzi, wakazi wa mpakani wana bahati ya kuwa na masoko mawili: Kisekka mjini Kampala kwa upande mmoja, na maduka ya Grogan na barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi kwa upande wa pili. Kenya hasa ina hazina ya vipuri vya 504, kwa sababu gari hilo lilikuwa likiunganishwa Mombasa kwa miaka mingi. Chukua kiungo chako cha zamani mkononi ukilinganishe na kipya dukani, urefu, unene wa fimbo na tundu za bolti. Fimbo ya shokomzoba iwe laini inayong'aa bila ya mkwaruzo. Raba isiwe na nyufa unapoipinda, kwani raba huzeeka hata ndani ya boksi lake. Omba stakabadhi, ili upitapo forodha ya Busia au Malaba usiwe na neno la kujieleza. Kipuri kilichotumika unaweza kukikubali kikiwa ni chuma kitupu, kama mkono wa chini usiopinda. Bushi, boljointi na shokomzoba zilizotumika usizinunue.

Kabla ya kuhukumu kazi yako, tazama nyuma ya gari. Mifuko 20 ya saruji ya Tororo, kila mmoja wa kilo 50, ni tani nzima, na pikapu iliyobebeshwa tani hiyo juu ya springi zilizochoka huketi kwa nyuma na kuinua pua, uzito ukatoka kwenye magurudumu ya mbele, usukani ukawa mwepesi wa kutisha. Hakuna ufundi wa mbele utakaoponya jambo hilo. Nyuma nako kushughulikiwe kwa kadiri yake.

Ukimaliza kufunga, liendeshe gari polepole kilomita chache ili vyote vikae mahali pake, kisha upime tena vimo vya daftari. Hapo ndipo magurudumu hupangwa, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, upepo wa tairi ukiwa sahihi na usukani ukiwa umenyooka katikati. Fundi mwangalifu anaweza kupima kwa uzi ulionyooshwa kutoka tairi za nyuma hadi za mbele akapata matokeo ya kuridhisha, mradi arekebishe tairodi zote mbili kwa kiasi kilicho sawa. Mashine ikipatikana, ni bora, kwa kuwa itakuonyesha pia mlalo wa gurudumu na mwinamo wa mguu, ambavyo katika gari hili havikuwekewa skrubu za kurekebisha, na tofauti yoyote baina ya kulia na kushoto ni habari ya mkono uliopinda au bodi iliyogongwa. Fundi akikuambia kwamba ataupinda mguu kwa jeki ili namba zilingane, mkatalie, utafute chanzo chake.

Baada ya kilomita 500 ingia tena chini ya gari uziguse nati zote ulizozifunga, za mikono, za boljointi, za tairodi na zile tatu za maunti chini ya boneti. Na masika yatakapokwisha, kabla vumbi halijafunika kila kitu, pitisha kidole kuzunguka kila bushi, na kila mahali utakapopata unga mweusi wa raba paandike katika daftari pamoja na tarehe na kilomita.